Kipeo chenye sehemu: namna ya kurahisisha 8^(2/3) na wenzake

Wanafunzi wa tuisheni hapa Mwanga, Kigoma mjini, wana maswali matatu yasiyoisha. La kwanza: "Mwalimu, 8 kwa kipeo 2/3, si nizidishe tu 8 mara 2/3?" La pili: "Kipeo kikiwa na alama ya kutoa, jibu nalo linakuwa hasi?" La tatu huja usiku, kwa picha ya daftari iliyopigwa kwenye mwanga hafifu: "Kikokotoo kimetoa 21.33, kitabu kinasema 4, nani mwongo?" Hakuna mwongo. Kuna mabano yaliyosahaulika. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja, ili atakayeuliza kesho nimtumie huu mwongozo, na mimi nile ugali wangu ukiwa bado wa moto.

Mwongozo ni wa wanafunzi wa kidato cha pili na kuendelea, wanaojiandaa na mtihani wa maarifa (QT), na mzazi ambaye mtoto amemwekea daftari mezani akisema "baba, nisaidie hii". Darasani mtaikuta mada hii kwa Kiingereza, lakini hesabu ni zilezile.

Kuhusu uandishi: kwenye simu ni shida kuandika kipeo juu ya namba, kwa hiyo nitatumia alama ^. Ukiona 8^(2/3), soma "8 kwa kipeo cha thuluthi mbili". Namba 8 nitaiita msingi. Katika sehemu, namba ya juu ni kiasi na ya chini ni asili. Alama √ ni kipeuo cha pili, ³√ ni kipeuo cha tatu, ⁴√ ni cha nne, na kadhalika.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Peni na karatasi. Kikokotoo kiweke mbali kwanza. Tutakiita mwishoni kukagua.

Uwe unaweza kuvunja namba katika vigawo tasa, yaani kuigawanya kwa 2 mpaka igome, halafu 3, halafu 5, halafu 7, hadi ubaki na 1. Kama hili limekupotea, lirudie leo kabla hujaendelea. Nasema hivi kwa sababu wengi wanaodhani wameshindwa vipeo, ukiwachunguza unakuta walichoshindwa ni kugawanya 216 kwa 2.

Uwe na hii orodha kichwani, au walau kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani:

- Vipeo vya 2: 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512, 1024
- Vipeo vya 3: 9, 27, 81, 243, 729
- Vipeo vya 5: 25, 125, 625, 3125
- Vipeo vya 6: 36, 216, 1296
- Vipeo vya 7: 49, 343, 2401

Na sheria tatu za vipeo ulizofundishwa mwanzo wa mada: misingi ikifanana ukizidisha, jumlisha vipeo; ukigawanya, toa; kipeo juu ya kipeo, zidisha. Hazibadiliki hata kipeo kikiwa sehemu, na ndizo zinazokifanya kipeo cha sehemu kiwe na maana.

Nadharia, kidogo tu

Zidisha 8^(1/3) × 8^(1/3) × 8^(1/3). Misingi inafanana, kwa hiyo jumlisha vipeo: 1/3 + 1/3 + 1/3 = 1. Jibu ni 8. Basi 8^(1/3) ni namba ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara tatu unapata 8. Namba hiyo ni 2, ambayo ndiyo kipeuo cha tatu cha 8. Wazo lenyewe ni la zamani: Mfaransa Nicole Oresme alikuwa akifanya kazi na vipeo vya sehemu tangu karne ya 14.

Kwa anayetaka kuliona kwa macho, twende Gungu kwa fundi anayejenga tangi la maji. Tangi ni mchemraba, na ndani linabeba meta za ujazo 27, yaani lita 27,000. Upande mmoja una urefu gani? 27^(1/3), ambayo ni meta 3. Sakafu yake ina eneo gani? 3 × 3, meta za mraba 9. Angalia fundi alichofanya: amechukua kipeuo cha tatu cha 27, kisha akakipa kipeo cha pili. Hiyo ndiyo 27^(2/3). Akitaka kujua plasta ya ndani itafunika eneo gani, ana sakafu moja na kuta nne zinazolingana, kwa hiyo 5 × 9 = meta za mraba 45. Asili 3 imetoka kwenye ujazo, kiasi 2 kimetoka kwenye eneo.

Kanuni nzima basi ni hii: asili inakuambia kipeuo, kiasi kinakuambia kipeo. Ukisahau kipi ni kipi, kumbuka kwamba kipeuo kwa Kiingereza ni "root", yaani mzizi, na mzizi wa mti uko chini.

Hatua kwa hatua

1. Safisha kipeo kwanza. Usiguse msingi kabla kipeo hakijawa sehemu moja iliyorahisishwa.

Kipeo 6/4 kifanye 3/2. Kipeo 1½ kifanye 3/2. Kipeo 0.75 kifanye 3/4, na 1.2 kifanye 6/5. Kwa hiyo 81^(0.75) ni 81^(3/4), na 243^(1.2) ni 243^(6/5). Ukiacha desimali ilivyo hutaona asili, na usipoiona asili hujui kipeuo gani kinatafutwa.

*Onyo:* msingi ukiwa hasi, usikimbilie kurahisisha kipeo. Mfano maarufu ni (−8)^(2/6). Ukirahisisha unapata (−8)^(1/3), yaani −2. Ukianza na kipeo cha pili unapata 64, na kipeuo cha sita cha 64 ni 2. Majibu mawili kwa swali moja! Ndiyo maana kanuni hizi huandikwa kwa msingi chanya, na swali zuri la mtihani halitakuletea (−8)^(2/6). Likikujia, aliyelitunga ndiye wa kuulizwa.

2. Ondoa alama ya kutoa kwenye kipeo. Kipeo hasi kinaamuru jambo moja tu: pindua msingi. Chukua 1 uigawanye kwa namba hiyo, na alama ya kutoa inaondoka.

125^(−2/3) = 1 ÷ 125^(2/3)

Msingi ukiwa sehemu, ipindue juu chini:

(16/81)^(−3/4) = (81/16)^(3/4)

*Onyo:* jibu halijawa hasi. 125^(−2/3) ni 1/25, namba ndogo lakini chanya. Hili ndilo kosa ninalolisahihisha kuliko yote, hata kwa wanafunzi wanaopata alama nzuri kwingine. Mkono unaona alama ya kutoa, unaibeba hadi kwenye jibu. Basi fanya kupindua kuwe jambo la mwanzo kabisa baada ya kusafisha kipeo, ili alama hiyo isikufuate njiani.

3. Vunja msingi katika vigawo tasa. Hapa ndipo kazi inapokuwa nyepesi au nzito.

64 = 2^6
81 = 3^4
125 = 5^3
216 = 2^3 × 3^3
243 = 3^5

Ukishavunja, swali linageuka kuwa kipeo juu ya kipeo, na hapo unazidisha:

64^(5/6) = (2^6)^(5/6) = 2^(6 × 5/6) = 2^5 = 32

Hujatafuta kipeuo cha sita cha kitu chochote. 6 na 6 zimefutana. Wanafunzi wengi hawaamini kwamba imekwisha.

216^(2/3) = (2^3 × 3^3)^(2/3) = 2^2 × 3^2 = 36

Kipeo cha nje kinakwenda kwa kila kigawo kilichomo ndani ya mabano. Siyo cha kwanza peke yake.

4. Kipeuo kwanza, kipeo baadaye. Kama umeona moja kwa moja kwamba msingi una kipeuo kamili, unaweza kuruka kuvunja. Lakini fuata mpangilio huu.

Chukua 16^(3/4). Njia ya kwanza: kipeuo cha nne cha 16 ni 2, halafu 2^3 = 8. Kwisha. Njia ya pili: 16^3 = 4096, halafu utafute kipeuo cha nne cha 4096. Jibu ni lilelile 8, ila njia ya pili imekupandisha mlima ili ushuke tena. Kwa 16 unaweza kuvumilia. Jaribu 243^(6/5) kwa kuanza na kipeo uone: 243 kwa kipeo cha sita ni namba yenye tarakimu 15. Kwa kuanza na kipeuo: kipeuo cha tano cha 243 ni 3, na 3^6 = 729.

Hesabu hii ya 16^(3/4) ina matumizi ya kweli. Mwaka 1932 mtaalamu wa lishe ya mifugo Max Kleiber, Mswisi aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kwamba nishati anayotumia mnyama akiwa amepumzika huongezeka takriban kwa uzito wake kwa kipeo 3/4. Ng'ombe wa kilo 400 ana uzito mara 16 ya mbuzi wa kilo 25. Ungetegemea atumie nishati mara 16. Lakini 16^(3/4) = 8: anatumia mara 8 hivi. Kwa kilo moja ya mwili, mbuzi ndiye mlaji. Anayefuga vyote viwili hatashangaa.

5. Kipeuo kikigoma kutoka kamili, toa kinachotoka. Namba nyingi si rafiki. Hapo usiandike desimali ndefu; toa nje kinachotoka, bakisha ndani kisichotoka.

12^(3/2): vunja 12 = 2^2 × 3. Kwa hiyo

12^(3/2) = 2^(2 × 3/2) × 3^(3/2) = 2^3 × 3^(3/2)

Sasa 3^(3/2) ni 3^(1 + 1/2), yaani 3 × 3^(1/2), au 3√3. Jibu: 8 × 3√3 = 24√3.

Kitendo cha kuvunja 3/2 kuwa 1 + 1/2 kishike vizuri. Kipeo kikizidi 1, namba nzima inatoka nje, kilichobaki kinakaa ndani ya kipeuo. Kwa mfano 5^(7/3) ni 5^(2 + 1/3), yaani 25 × ³√5.

54^(1/3): 54 = 2 × 3^3, kwa hiyo jibu ni 3 × ³√2.

20^(2/3): hapa kipeuo cha tatu cha 20 hakitoki, na 20 = 2^2 × 5 haina kigawo kilichojirudia mara tatu. Kabla hujakata tamaa, ingiza kiasi ndani: 20^2 = 400 = 2^4 × 5^2. Ndani ya 2^4 kuna 2^3 moja, inatoka kama 2, na kilichobaki ni 2 × 25 = 50. Jibu: 2 × ³√50. Hii ni moja ya hali chache ambapo kuanza na kipeo kunasaidia.

Fundi wetu wa Gungu hatakuelewa ukimwambia sakafu ya tangi la meta za ujazo 20 ni "2 mara kipeuo cha tatu cha 50". Yeye anataka namba ya kupeleka dukani. Kwa jedwali la logi: logi ya 20 ni 1.3010, zidisha kwa 2/3 upate 0.8673, rudi kwenye antilogi upate karibu 7.37. Sakafu ni meta za mraba 7.37, plasta ya ndani kama 36.8. Kwa mtihani, swali likisema "rahisisha", andika 2 × ³√50. Likisema "kadiria hadi nafasi mbili za desimali", andika 7.37. Soma swali.

6. Msingi ukiwa sehemu au desimali. Fanya kazi juu na chini kila mmoja peke yake:

(81/16)^(3/4) = 81^(3/4) ÷ 16^(3/4) = 27/8

Namba mchanganyiko igeuze kwanza: (2¼)^(3/2) = (9/4)^(3/2) = 27/8. Usichukue kipeuo cha 2 na kipeuo cha ¼ ukavijumlisha.

Desimali igeuze kuwa sehemu: 0.027 = 27/1000, kwa hiyo 0.027^(2/3) = (3/10)^2 = 9/100 = 0.09. Watu hupoteza alama hapa kwa kuhesabu nafasi za desimali kwa macho. Iandike kama sehemu, sifuri zitajihesabu zenyewe.

7. Misingi miwili au zaidi. Ukikuta 9^(3/4) × 27^(1/6), usihangaike na kipeuo cha nne cha 9. Tafuta msingi wa pamoja. Zote mbili ni watoto wa 3:

9^(3/4) = 3^(2 × 3/4) = 3^(3/2)
27^(1/6) = 3^(3 × 1/6) = 3^(1/2)

Zidisha: 3^(3/2 + 1/2) = 3^2 = 9.

Vilevile kwa herufi: (8x^6)^(2/3) = 4x^4. Ila kwenye herufi kuna mtego mdogo: (x^2)^(1/2) ni x pale tu x isipokuwa hasi. Weka x = −3 uone: (−3)^2 = 9, na kipeuo cha pili cha 9 ni 3, siyo −3. Vitabu vingi huandika "x ni chanya" mwanzoni mwa zoezi. Usiruke mstari huo.

*Onyo:* sheria hizi ni za kuzidisha na kugawanya. Kwenye kujumlisha hazipo. (9 + 16)^(1/2) ni 25^(1/2), yaani 5. Ukigawa kipeo kwa kila mmoja unapata 3 + 4 = 7, na hiyo si sahihi. Jumlisha ndani ya mabano kwanza, kipeuo baadaye. Vipeuo viwili vinajumlishika pale tu vinapofanana: √8 + √2 = 2√2 + √2 = 3√2.

8. Kagua kwa makadirio. Kabla hujapigia mstari jibu, jiulize kama ukubwa wake unaingia akilini.

Msingi ukizidi 1 na kipeo kiko kati ya 0 na 1, jibu liwe kati ya 1 na msingi. Kwa hiyo 8^(2/3) haiwezi kuwa 21.33, lazima iwe chini ya 8. Kipeo kikizidi 1, jibu lizidi msingi. Kipeo kikiwa hasi, jibu liwe kati ya 0 na 1. Msingi ukiwa chini ya 1, kama 0.027, mambo yanageuka: kipeo cha kati ya 0 na 1 kinaukuza, ndiyo maana 0.09 ni kubwa kuliko 0.027. Ukaguzi huu hauchukui muda na unanasa makosa mengi kuliko kurudia hesabu nzima, kwa sababu anayerudia hurudia na kosa lake.

Misingi hasi

Asili ikiwa shufwa (2, 4, 6), msingi hasi haukubali: (−16)^(1/4) haina jibu miongoni mwa namba halisi, kwa kuwa hakuna namba halisi inayojizidisha mara nne ikatoa hasi. Asili ikiwa witiri (3, 5, 7), inakubali: (−8)^(1/3) = −2, na (−8)^(2/3) = (−2)^2 = 4.

Angalia mabano. (−16)^(1/4) haina jibu, lakini −16^(1/4) inalo: kipeo kinamhusu 16 peke yake, alama ya kutoa inasubiri nje, jibu ni −2.

Na hili la kila mwaka: 25^(1/2) ni 5, siyo "5 au −5". Majibu mawili huja pale unapotatua mlinganyo x^2 = 25. Swali la kurahisisha lina jibu moja.

Ukikwama

*Kikokotoo kimenipa 21.33 kwa 8^(2/3).* Umeandika 8^2/3. Chenyewe kimefanya 8^2 = 64, kikagawanya kwa 3. Weka mabano kwenye kipeo: 8^(2/3).

*Natafuta 8^(1/3), nimeweka mabano, kimetoa 1.986 badala ya 2.* Hapo umeandika 8^0.33. Theluthi si 0.33. Andika (1/3) yenyewe.

*Kimeandika kosa kwa (−8)^(2/3).* Vikokotoo na programu nyingi hukataa msingi hasi kwenye kipeo cha sehemu, hata pale jibu lipo. Bonyeza kipeuo cha tatu cha −8 kwanza, kisha kipeo cha pili.

*Jibu langu ni 1/√2, kitabu kina √2/2.* Ni namba ileile. Kitabu kimeondoa kipeuo kwenye asili kwa kuzidisha juu na chini kwa √2. Mwalimu akidai umbo hilo, mpe. Asipodai, wako pia ni sahihi, ingawa mimi ningeandika la kitabu, maana msahihishaji aliyechoka hapendi kufikirishwa.

*Nimevunja, nikabaki na namba isiyogawanyika, kama 37.* Ni tasa. Iache ndani ya kipeuo. Lakini hakikisha: 91 inaonekana tasa na siyo, ni 7 × 13. Na 51 ni 3 × 17.

*Nimepata 16/3 kwa 8^(2/3).* Umezidisha msingi kwa kipeo. Rudi kwenye nadharia, usome kuhusu tangi.

*Kipeo ni 0/5.* Kipeo ni sifuri. Msingi wowote usio sifuri unatoa 1. Usitafute kipeuo cha tano.

Jipime

Fanya bila kikokotoo, isipokuwa (h), ambayo utumie jedwali la logi.

(a) 64^(2/3)
(b) 100^(−3/2)
(c) (4/25)^(1.5)
(d) 40^(1/3)
(e) 25^(3/4) × 5^(1/2)
(f) 0.0016^(3/4)
(g) (−32)^(3/5)
(h) 5.2^(3/2)

Majibu: (a) 16. (b) 1/1000. (c) 8/125. (d) 2 × ³√5. (e) 25; ukipata namba yenye kipeuo, hukugeuza 25 kuwa 5^2. (f) 0.008, kwa sababu 0.0016 ni 16/10000, na kipeuo chake cha nne ni 2/10. (g) −8. (h) Logi ya 5.2 ni 0.7160, mara 3/2 ni 1.0740, antilogi yake ni 11.86. Namba hiyo nimeichagua makusudi: sayari ya Mshtarii iko mbali na jua mara 5.2 ya umbali wa dunia, na kwa kanuni aliyoichapisha Johannes Kepler mwaka 1619, umbali huo ukiupa kipeo 3/2 unapata muda wa kulizunguka jua kwa miaka yetu, yaani karibu miaka 11.86.